Binti wa Saadani na Sala Iliyokataa Kutoka

Sogeeni, wanangu. Mliokaa kule barazani njooni hapa mkekani, maana hadithi hii sipendi kuisimulia kwa kupaza sauti.

Binti wa hadithi nimemtunga mwenyewe. Yaliyompata yamewapata wanafunzi wengi, na siri za watu si zangu kuzitoa, ndiyo maana nikaumba mtu mmoja wa kuyabeba yote. Wale nitakaowataja kwa majina, hao waliishi kweli, na habari zao mnaweza kuziulizia.

Binti alizaliwa Saadani, kijiji cha wavuvi kaskazini ya Bagamoyo, kwenye hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 2005. Mtoto wa Saadani hukua akijua kwamba tembo hushuka mpaka kwenye mchanga wa pwani, na kwamba Mto Wami una mamba na viboko, hivyo maji hayachotwi ovyo. Alilelewa na bibi yake mzaa mama pamoja na binamu zake. Tangu azaliwe hakuwahi kulala chumbani peke yake wala kula peke yake. Chakula kilikuwa sinia moja na mikono mingi. Alfajiri bibi humgusa mguu na kumwambia, "Mjukuu wangu, kumekucha, amka tuswali."

Alipofaulu kidato cha nne akapelekwa shule ya bweni Bagamoyo. Kijiji kizima kilifurahi. Bibi aliuza mbuzi ili apatikane sanduku, godoro na ndoo.

Bwenini kulikuwa na wasichana wengi, lakini wengi wao walikuwa wametoka shule moja na kujuana tangu zamani. Kwenye foleni ya chakula kila mmoja alikuwa na wenzake. Yeye alibeba sahani yake, akatafuta mwisho wa benchi, akala haraka, akaondoka. Jumapili matroni aliwapa simu wapige nyumbani kwa zamu. Bibi akauliza, "Hujambo mwanangu? Shule inaendaje?" Naye akajibu, "Shikamoo bibi. Shule nzuri." Foleni ilikuwa ndefu nyuma yake, na mambo aliyotaka kusema hayakuwa ya kusemwa watu wakisikiliza.

Mwezi wa tatu usingizi ukaanza kumkimbia. Anaamka saa nane za usiku na hapati tena lepe mpaka adhana. Ugali haushuki. Ukurasa mmoja wa kitabu anausoma mara tatu na haujui. Alikuwa mpenzi wa kaswida, sauti yake ikisifika kijijini. Akaacha kuimba, na wala hakusikitika kuacha. Hilo la kutosikitika ndilo lingemshtua mtu anayemjua, lakini pale hapakuwa na anayemjua. Mwalimu mmoja akamwita mvivu mbele ya darasa. Jioni ile alikaa kitandani akiwaza kwamba hata asingekuwepo duniani, hakuna ambacho kingebadilika.

Kilichomuumiza kuliko yote ni swala. Alisimama kwenye msala, akaleta takbira, ulimi ukasoma kila kitu sawasawa, lakini moyo haukuwepo. Akadhani dawa ni kuzidisha. Akafunga Jumatatu na Alhamisi, akaamka usiku kuswali, akazidi kudhoofu. Nafuu haikuja. Mwenzake mmoja akamwambia imani yake haba. Mwingine akanong'ona kwamba ana jini la baharini, si ametoka Saadani? Mwisho binti mwenyewe akakata shauri: Mungu amenikataa.

Hapa lazima nisimame, wanangu, kwa sababu neno hilo linanichoma. Mtu akiugua malaria, hakuna anayemuuliza ameswali rakaa ngapi wiki hii. Anapimwa damu, anapewa dawa, na majirani wanakuja na uji. Lakini ugonjwa ukiingia akilini tunaanza kumkagua imani, wakati yeye mwenyewe amekwisha jikagua mpaka amechoka. Hali iliyomshika binti huyu huitwa sonona, na sonona ni ugonjwa. Moja ya alama zake ni kumnyang'anya mtu ladha ya mambo aliyoyapenda. Ikiwa alipenda kaswida, ladha ya kaswida itaondoka. Ikiwa alipenda swala, utamu wa swala nao utaondoka. Aliyeondoa utamu ule ni maradhi, na Mungu hakuhama.

Mliosoma madrasa mnaijua habari ya Nabii Yakobo na mwanawe Yusufu. Alipompoteza mtoto alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe kwa kulia, akapofuka. Alikuwa nabii. Nani kati yetu atathubutu kusema imani yake ilikuwa haba? Na mnaosoma Biblia mnajua habari ya Eliya aliyekimbilia jangwani, akaketi chini ya mti na kumwomba Mungu afe. Malaika aliyemjia hakuanza kwa mahubiri. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamwamsha ale mara ya pili. Maneno yalikuja baadaye sana, tumbo likiwa limeshiba na mwili umepumzika. Mimi kila nikiikumbuka habari hiyo huwaza kwamba malaika yule angefaa sana kuwa matroni.

Hata wanazuoni wa kale walilichunguza jambo hili. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu afya ya mwili na ya nafsi. Humo alitofautisha huzuni ambayo chanzo chake kinajulikana, kama msiba au hasara, na huzuni inayomshika mtu bila yeye kujua imetoka wapi. Hiyo ya pili aliiona ina mizizi mwilini, na akasema mwili utibiwe. Cairo nako, hospitali aliyoijenga Sultani Qalawun mwaka 1284 ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Hayo yalikuwepo karne nyingi kabla ya sisi kuanza kunong'onezana mabwenini.

Sasa kuhusu majini. Muislamu anaamini yapo, nami sikuja kubishana na imani ya mtu. Mgonjwa akisomewa dua na moyo ukatulia, asomewe. Akipewa kombe la aya anywe. Mkristo akiwekewa mikono na kuombewa, aombewe. Lakini anayemfunga mgonjwa kwa kamba, anayemchapa ili jini litoke, anayemnyima chakula kwa jina la mfungo, au anayemwambia atupe vidonge vya hospitali ili aonyeshe imani, huyo anamdhuru, awe amevaa kilemba au msalaba. Mkimwona, mwambieni mtu mzima mnayemwamini, na msimwambie mmoja tu.

Pwani hii inaujua upweke kwa muda mrefu. Bagamoyo ndiko misafara kutoka bara ilikoishia, na ndani ya misafara hiyo walikuwamo watoto waliotekwa. Mwaka 1868 mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni mjini humo, wakawa wanawakomboa watumwa, wengi wao watoto. Jaribuni kuwafikiria wale watoto: wamekombolewa, wanalishwa, wanafundishwa sala, lakini lugha ya mama yake mtoto hapana anayeijua pale. Sala waliyopewa ilikuwa ngeni na iliwabidi wajifunze kuizoea.

Mtoto mwingine wa njia hiyo hiyo aliletwa kutoka Manyema, Kongo, akawa mtumwa Bagamoyo. Jina lake ni Yahya bin Abdallah, na watu walimjua kwa jina la Sheikh Ramiya. Alikulia utumwani, akasoma dini kwa masheikh wa mji, akawa khalifa wa tarika ya Qadiriyya, na baada ya Wajerumani kuondoka akawa liwali wa Bagamoyo. Alifariki mwaka 1931. Sijui usiku wake wa utotoni ulikuwaje, na siwezi kumsingizia ugonjwa. Ninachokitazama ni aina ya ibada aliyoisimamia. Katika zikri watu husimama pamoja, huvuta pumzi pamoja, na aliyekuja na moyo mzito hubebwa na sauti za wenzake hata kama yake haitoki. Mtu aliyenyang'anywa ukoo mzima aliwajengea wengine mahali ambapo hakuna anayeswali peke yake, na mpaka leo wafuasi hukusanyika Bagamoyo kila mwaka.

Twendeni kidogo kaskazini, tupite Pangani, tupande milima ya Usambara upande wa Korogwe. Kuna mahali panaitwa Lutindi. Mwaka 1896 wamisionari wa Kijerumani walianzisha pale makao ya watoto waliotolewa utumwani. Miaka michache baadaye nyumba zile zikaanza kupokea wagonjwa wa akili, na Lutindi ikawa miongoni mwa hospitali za kwanza za aina hiyo Afrika Mashariki. Ingali ipo, chini ya Kanisa la Kilutheri. Wagonjwa wanapata dawa, na wanaoweza hulima na kufanya kazi za mikono. Nyumba ya watoto wasio na mtu ikageuka kuwa nyumba ya wagonjwa waliokuwa wakikimbiwa na watu, na mimi siioni kama bahati tu. Waliozoea kukaa na mpweke walijua pa kuanzia.

Turudi kwa binti wetu. Aliyemwona alikuwa msichana wa kitanda cha juu, Mkristo, mwanachama wa UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo. Hakuwa mtaalamu wa lolote. Aliona tu kwamba mwenzake halali na sahani inarudi imejaa. Usiku mmoja akashuka, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamuuliza, "Dada, unaumwa?" Binti akasema hapana. Yule hakuondoka. Baada ya kimya kirefu binti akasema, "Siumwi mahali. Nimechoka kuwepo."

Yule mwenzake aliogopa sana. Lakini hakupiga kelele, hakumsuta, na hakuahidi kuitunza siri ile. Alimwambia, "Twende kwa matroni, mimi na wewe, sasa hivi." Wanangu, siri ya namna hiyo haiwekwi. Usiku ule hakuachwa peke yake, na asubuhi matroni aliwachukua wote wawili mpaka hospitali. Ingekuwa hakuna mtu mzima karibu, wangeweza kupiga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto.

Daktari alimuuliza kuhusu usingizi, chakula, masomo, na hali hii ina muda gani. Hali ya namna hii ikizidi wiki mbili, haifai tena kuitwa uchovu wa kawaida. Akampima damu, kwa kuwa upungufu wa damu na maradhi ya tezi la shingoni huweza kuleta hali inayofanana. Kisha akamuuliza waziwazi kama anawaza kujiua. Watu wengi huogopa swali hilo wakidhani linampandikizia mtu wazo. Halipandikizi. Kwa binti lilikuwa mlango wa kwanza kufunguliwa baada ya miezi, akalia kwa mara ya kwanza tangu afike Bagamoyo.

Akapewa vidonge, akaambiwa ukweli wake: huchukua wiki kadhaa kabla ya nafuu kuonekana, siku za mwanzo huenda akasikia kichefuchefu, na asiviache ghafla hata akijisikia amepona. Akapangiwa pia mazungumzo na mshauri nasaha. Tiba ya mazungumzo si maneno matupu. Huko Zimbabwe, mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda alianza kuwafunza bibi wa mtaani kuketi na wagonjwa kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati na kuwasaidia kutatua shida moja baada ya nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba walioketi na bibi hao walipata nafuu zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Zanzibar.

Binti alikuwa na swali lake, na alimuuliza nesi kwa sauti ndogo: "Dada, je, niache kuswali?" Nesi alikuwa Muislamu. Akamjibu, "Swali zako tano, hizo zinakutosha. Ukishindwa kusimama, swali umekaa. Kufunga acha kwa sasa, mgonjwa ana ruhusa." Binti alilijua jambo hilo tangu madrasa. Sheria ya dini yake ilikwisha mfikiria mgonjwa, mpaka yule asiyeweza ila kuashiria kwa macho. Hakuwahi kudhani kwamba ruhusa ile inamhusu, kwa sababu hakuwahi kujiita mgonjwa.

Jumapili iliyofuata aliposhika simu alisema, "Bibi, naumwa. Ni akili, bibi. Nimepewa dawa." Upande wa pili kimya. Kisha bibi akauliza, "Nije na nini?"

Bibi alikuja na samaki wa kukaanga na woga mwingi. Alitaka kumrudisha nyumbani akaaguliwe. Matroni hakumgombeza mama mtu mzima. Alimpeleka kliniki amsikie daktari kwa masikio yake. Walikubaliana: dawa ziendelee, na bibi arudi Saadani awaombe wazee wamsomee dua mjukuu wake huko huko.

Wiki ya tano ndipo usingizi ulipoanza kurudi, vipande vipande. Uzito wa moyo ulichelewa zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana 1 kati ya 7 wa umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili, kwa hiyo bwenini mle binti hakuwa peke yake hata siku alipojiona hivyo. Wenzake walipojua amekwenda hospitali, wawili walimfuata kwa siri kumuuliza njia.

Mwaka wa pili, mitihani ilipokaribia, ugonjwa ulirudi. Huwa unarudi kwa baadhi ya watu, na kurudi kwake hakumaanishi kwamba tiba ilikuwa bure au kwamba mtu amefanya dhambi. Alizijua dalili zake sasa: kwanza usingizi, kisha chakula, kisha kaswida. Safari hii hakungoja mwezi wa tatu. Usiku wa nne bila usingizi alimgongea matroni mlango.