Manjano kwa mtoto mchanga: jua la asubuhi si tiba

Mama hujifungua salama, akaruhusiwa kwenda nyumbani siku inayofuata, na siku ya tatu jirani aliyekuja kumpongeza anamtazama mtoto na kusema, "Mbona macho yake ni ya manjano?" Ushauri unaofuata unajulikana katika nyumba nyingi: mtoto atolewe nje kila asubuhi aote jua. Ushauri huo una chembe ya ukweli, na huenda ndiyo sababu umedumu. Hatari yake ni kwamba familia hungoja jua lifanye kazi huku siku zikipita, na kwa mtoto ambaye manjano yake ni makali, siku moja ni nyingi.

Manjano haya si homa ya manjano, ambayo ni ugonjwa mwingine kabisa unaoenezwa na mbu. Rangi hiyo hutokana na bilirubini, masalio ya chembe nyekundu za damu zinapovunjika. Kwa mtu mzima, ini huisafisha bilirubini ikatoka kwa choo. Ini la mtoto mchanga bado halijapata nguvu hiyo. Ndiyo maana takriban watoto 6 kati ya 10 waliozaliwa kwa wakati, na 8 kati ya 10 waliozaliwa kabla ya wakati, huwa na manjano katika wiki ya kwanza. Wengi hupona bila dawa. Kwa wachache, bilirubini hupanda hadi ikaingia kwenye ubongo, na hapo madhara yake hayarudi nyuma: uziwi, mtindio wa ubongo, hata kifo.

Ile chembe ya ukweli iligunduliwa Uingereza mwaka wa 1956, katika hospitali ya Rochford, jimbo la Essex. Muuguzi aliyesimamia wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati, Jean Ward, alikuwa na mazoea ya kuwatoa watoto nje wapate hewa na jua. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto ambaye manjano yalikuwa yamefifia mwili mzima isipokuwa sehemu moja yenye umbo la pembetatu. Daktari mmoja alidhani mtoto amepakwa dawa. Muuguzi akaeleza kwamba pembetatu hiyo ndiyo iliyokuwa imefunikwa na ncha ya shuka. Madaktari hawakulitilia maanani sana jambo hilo, hadi wiki chache baadaye chupa ya damu ya mtoto mwingine iliposahaulika dirishani penye jua, na kipimo chake cha bilirubini kikashuka bila maelezo. Daktari Richard Cremer na wenzake wakatengeneza kifaa cha taa, na mwaka wa 1958 wakachapisha matokeo yao katika jarida la Lancet.

Tangu hapo tiba ya mwanga imeenea duniani kote. Mwanga wa buluu hupenya ngozi na kubadilisha umbo la bilirubini, ikaweza kuyeyuka na kutoka kwa mkojo na choo bila kulisubiri ini. Mtoto hulazwa karibu na taa akiwa na nepi tu, macho yamefunikwa, na hukaa hapo saa nyingi, mara nyingi siku moja hadi tatu, akitolewa kunyonya tu. Wazazi wengine huogopa kwamba taa itamchoma mtoto. Mwanga huo si ule wa jua unaounguza ngozi, na wauguzi hupima joto la mwili wake mara kwa mara. Choo chepesi chenye rangi ya kijani katika siku hizo kisiwashtue.

Jua lenyewe lina mwanga huo wa buluu, lakini huja pamoja na miale inayounguza na joto linalompandisha mtoto homa. Dakika ishirini mlangoni, akiwa amefungwa shali na kofia, hazimfikishii mwanga wa kutosha. Kuna mahali jua limetumika ipasavyo: Lagos, Nigeria, ambako umeme hukatika mara kwa mara. Huko watafiti waliwalaza watoto chini ya vibanda vilivyoezekwa karatasi maalum za kuchuja miale hatari, kwa saa nyingi kila siku, chini ya uangalizi wa wauguzi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2015 yalionyesha kuwa tiba hiyo haikuwa duni kuliko taa za kawaida. Hiyo ni wodi ya hospitali, na watoto walipimwa damu. Haifanani na kuota jua uani.

Kwa ngozi nyeusi manjano hayaonekani upesi. Mtazame mtoto mchana, penye mwanga wa kutosha: weupe wa macho, ufizi, kisha viganja na nyayo. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, iwapo manjano yameanza kabla hajatimiza saa 24, yamefika kwenye viganja au nyayo, au mtoto amelegea, hataki kunyonya, analia kwa sauti kali isiyo ya kawaida au anajikunja mgongo kwa nyuma. Manjano yaliyopita wiki mbili, au choo cheupe, yachunguzwe pia. Mama mwenye damu ya kundi O au isiyo na Rhesus, au ambaye mtoto wake wa awali aliwekwa chini ya taa, amweleze muuguzi mapema.

Zahanati nyingi hazina taa hizi, kwa hivyo huenda ukapewa rufaa. Njiani endelea kumnyonyesha. Maji ya glukosi hayaondoi manjano.

Jambo moja husahaulika: nguo za mtoto zilizohifadhiwa na vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo. Kwa watoto wenye upungufu fulani wa kurithi katika damu, harufu yake pekee huweza kuvunja chembe za damu kwa kasi. Usivitumie kabisa kwa nguo za mtoto.

Na taa ikizimwa, bilirubini huweza kupanda tena. Kabla ya kuondoka wodini, muulize muuguzi mtoto atapimwa tena lini.