Jiwe Linaloandika Tope

Haya, wanangu, sogeeni kwenye jamvi. Leo sungura na fisi wapumzike. Leo habari ni ya tope. Na tope, mtoto wa hapa Mohoro haelezwi ni kitu gani. Aprili 2024 mto Rufiji ulipofurika, maji yaliingia mpaka vyumbani, na yalipokauka yaliacha udongo laini wa kahawia. Udongo ule si wa hapa. Umetoka nyanda za Iringa na Mbeya, umetoka bonde la Kilombero, umeteremshwa na Ruaha Mkuu na Luwegu hadi kutufikia. Ndio huohuo unaotustawishia mpunga.

Sasa nawauliza: mto ukishamwaga maji baharini, tope lake huishia wapi? Ng'ambo yetu kiko kisiwa cha Mafia. Mashariki na kusini mwa kisiwa matumbawe yamejaa, hata mwaka 1995 serikali ikapatangaza kuwa hifadhi ya bahari. Lakini upande wa magharibi, unaotazamana na sisi, matumbawe ni machache. Kwa nini?

Tumbawe ukilitazama utasema jiwe. Kumbe ni kundi kubwa la wanyama wadogo waliojijengea nyumba ya chokaa. Na ndani ya mwili wa kila mnyama mna mwani mdogo ajabu, usioonekana bila hadubini. Mwani huo ni mpangaji, na kodi hulipa kwa chakula: hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua, na sehemu kubwa humwachia mwenye nyumba. Mwenye nyumba naye humpa hifadhi na mbolea. Tope likitanda, jua halifiki chini, kodi inakatika. Joto likizidi, kama lilivyozidi mwaka 1998, mpangaji hutoka na tumbawe hubaki jeupe. Mwamba wa Tutia, kusini mwa Mafia, ulipoteza matumbawe mengi mwaka ule.

Lakini kisa kinachonisisimua mimi ni cha Malindi, Kenya, unakoingilia baharini mto Sabaki. Wanasayansi, akiwemo Dominik Fleitmann, walitoboa tumbawe kubwa la huko kwa keekee yenye tundu katikati, wakachomoa mchi mrefu wa chokaa. Tumbawe huongeza tabaka jipya kila mwaka, na picha ya eksirei huyaonyesha matabaka hayo moja baada ya jingine. Wakayahesabu kurudi nyuma hadi karibu mwaka 1700. Kisha wakapima madini ya bariamu, ambayo husafiri na udongo wa mtoni. Tumbawe linapojenga, huyafungia ndani ya chokaa yake. Miaka mia mbili ya kwanza kipimo kilikuwa karibu palepale. Kuanzia mwaka 1900 hivi kikaanza kupanda. Huko bara watu walikuwa wameongezeka, mashamba yamepanuka, vilima vimebaki wazi. Mkulima wa milimani hakuwahi kuliona tumbawe lile, nalo lilikuwa likiandika kila alichofanya! Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2007.

Kwetu, kati ya mto na matumbawe imesimama mikoko, maelfu ya hekta katika delta nzima. Nendeni maji yakitoka mkaangalie mizizi ya mchu ilivyochomoza juu ya tope, na ile ya mkoko ilivyojipinda kutoka shinani. Maji yakipita hapo hupunguza mwendo, udongo ukatua. Ukiikata mikoko kwa boriti au kwa shamba jipya la mpunga, tope hupita moja kwa moja. Simlaumu anayelima, tumbo halingoji. Ila hesabu yake hulipwa na mvuvi, anayewategemea samaki wa matumbawe.

Na msidhani tope ni adui tu. Mikoko yenyewe imesimama juu yake. Desemba 2022 Bwawa la Julius Nyerere, kwenye mto wetu huuhuu, lilianza kujazwa, na bwawa lolote kubwa huzuia udongo. Likizuia mno, ukingo wa delta huliwa na mawimbi. Kwa hiyo matumbawe ya Mafia yanayofikiwa na maji ya Rufiji yana mengi ya kuandika miaka hii: kujazwa kwa bwawa, mafuriko ya 2024, na yatakayofuata. Atakayeyatoboa kuyasoma itambidi ajifunze kemia na kupiga mbizi. Kama ni mtoto wa Mohoro, mto atakuwa ameshaujua.