Konsoli au PC ya bei nafuu? Hesabu huanza baada ya kununua

WAZAZI wengi waishio mijini wanalifahamu swali hili. Kijana anataka mashine ya michezo, mama anasema fedha hiyo ingenunua kompyuta ya kusomea, na baba anauliza kwa nini kifaa kimoja kisifanye kazi zote mbili. Jibu lake hutegemea mambo ambayo wauzaji, kwa sababu zao, si wepesi wa kuyataja.

Kwa nguvu ya kuchezea peke yake, konsoli huishinda PC mpya ya bei ileile. Sababu yake ni ya kibiashara. Kampuni kama Sony na Microsoft zimezoea kuuza mashine zao kwa faida ndogo, na wakati mwingine kwa hasara, kisha kurudisha fedha kupitia michezo, kwani kila mchezo unaouzwa huacha fungu kwa mwenye mashine. PlayStation 3 ilipotoka mwaka 2006 kwa bei iliyoanzia dola 499 za Marekani, gharama ya kuiunda ilizidi bei hiyo. Mnunuzi wa PC hana anayembebea mzigo wa namna hiyo.

Hapo zamani mwenye subira alipata nafuu. PlayStation 2 iliyouzwa Marekani kwa dola 299 mwaka 2000 ilishuka hadi dola 99 mwaka 2009. PlayStation 5 imekwenda kinyume: yenye sehemu ya diski ilianza kwa dola 499 mwaka 2020, na mwezi Agosti 2025 ikapandishwa nchini humo hadi dola 549.99.

Baada ya mashine huja michezo yenyewe, na hapa ndipo bajeti nyingi huvunjika. Michezo mikubwa ya PlayStation 5 huuzwa hadi dola 70 ikiwa mipya. Atakayetaka kucheza mchezo wa kulipia na wenzake kwa njia ya intaneti hulipa tena ada ya PlayStation Plus, ingawa michezo ya bure, kama Fortnite, haidai ada hiyo. Kwa hiyo mnunuzi asipuuze sehemu ya diski. Diski huazimwa, hubadilishwa na huuzwa mchezo ukishachosha. Xbox Series S, iliyoanza kwa dola 299, ilivutia wengi kwa udogo wa bei, lakini haina mahali pa kuingiza diski. Kila mchezo lazima upakuliwe, na mchezo mmoja waweza kuzidi gigabaiti 100. Kwa familia inayonunua data kwa vifurushi, mashine hiyo rahisi yaweza kugeuka ghali kimyakimya.

PC nayo ina hila zake. Njia inayotumiwa na wenye kipato cha wastani ni kununua kompyuta ya mtumba iliyotolewa ofisini, kisha kuiongezea kadi ya picha. Wazo hilo ni zuri, ila kompyuta za ofisi huja na pawasaplai ndogo, mara nyingi isiyo na waya wa ziada wa kuilisha kadi kubwa. Ndiyo maana kadi kama GTX 1650 ya mwaka 2019 ilipendwa: matoleo yake mengi huridhika na wati 75 zinazotoka kwenye ubao mama. Kasha likiwa jembamba, itafutwe kadi fupi, vinginevyo haitaingia.

Asiye na fedha ya kadi aweza kutegemea chipu ya picha iliyomo ndani ya prosesa. Chipu hiyo haina kumbukumbu yake yenyewe bali huazima RAM ya kompyuta. Kwa hiyo vipande viwili vya RAM vya gigabaiti 8 humpa mchezaji picha laini kuliko kipande kimoja cha gigabaiti 16, kwa kuwa data hupita njia mbili badala ya moja. Ni marekebisho madogo, lakini mafundi wengi huyasahau.

Tahadhari kubwa zaidi ni umri wa prosesa. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel haikubali rasmi karibu prosesa zote zilizotangulia kizazi cha nane. Kompyuta nyingi za mtumba ni za kizazi cha nne hadi cha saba. Zinaweza kuendeshwa kwa Linux, na programu ya Proton ya mwaka 2018 huwezesha michezo mingi ya Windows kufanya kazi humo, lakini Valorant na Fortnite si miongoni mwayo.

PC pia husubirishwa. Grand Theft Auto V ilifika kwenye konsoli Septemba 2013. Wenye kompyuta waliipata Aprili 2015. Kwa upande mwingine, PC husahau polepole: michezo iliyonunuliwa Steam miaka mingi iliyopita bado hupakuliwa, ilhali duka la Xbox 360 lilifungwa tarehe 29 Julai 2024.

Nyumba isiyo na kompyuta yoyote, yenye mwanafunzi wa sekondari, itafaidika zaidi na PC, hata kama picha zitapunguzwa ubora. Ikiwa kompyuta ya kazi za shule ipo tayari, konsoli yenye sehemu ya diski ndiyo matumizi bora ya fedha. Umeme ukiwa wa kukatika, kompyuta mpakato ina betri. PlayStation 5, inayotumia takriban wati 200 wakati wa mchezo, huzimika papo hapo.

Atakayechukua mtumba aende na mchezo anaoutaka kwenye diski ya nje, auendeshe dukani kwa nusu saa, na asikilize feni. Kasoro nyingi za joto hujitokeza muda huo, kabla fedha haijabadilisha mikono.