Manowari Iliyobeba Wachezaji

Jioni, mazoezi yakiisha, mimi na vijana wangu wa raga hushuka ufuoni hapa Timbwani, Likoni, kuosha miguu. Meli ikipita kuelekea bandari ya Kilindini, huwasimulia habari za Gus Risman.

Risman alizaliwa Cardiff, Wales, mwaka 1911, mtoto wa wahamiaji kutoka Latvia. Alicheza raga ya ligi, ile ya watu 13. Raga hiyo ilijitenga na ile ya watu 15 mwaka 1895, kwa kuwa wachimba makaa na watu wa viwandani walitaka wafidiwe siku waliyokosa kibarua ili wacheze. Mtu wa Likoni haelezwi hilo mara mbili. Aliyeingia ligi alifungiwa mlango wa raga ya watu 15.

Mwaka 1938 Risman aliiongoza Salford kutwaa Kombe la Challenge pale Wembley. Mwaka uliofuata vita vikazuka, naye ana miaka 28, nguvu zimemjaa. Akavaa sare ya jeshi. Kwa wanajeshi marufuku ile ililegezwa, akaichezea Wales raga ya watu 15.

Mwaka 1946 akawa nahodha wa Uingereza katika ziara ya Australia. Meli za abiria zilikuwa adimu, basi wachezaji 26 wakapandishwa manowari ya kubeba ndege, Indomitable. Hapo ndipo huwaonyesha vijana bahari iliyo mbele yetu. Wajapani waliposhambulia Ceylon, Aprili 1942, kikosi cha manowari za Waingereza kilihamia Kilindini, na Indomitable ilikuwa ya kikosi hicho. Mwezi uliofuata ndege zake zilipigana Diego Suarez, Madagascar. Miaka minne baadaye, kwenye sitaha ile ile wachezaji walifanya mazoezi ya raga.

Huko Australia, Waingereza hawakufungwa katika mechi zote tatu za mataifa: sare 8-8, kisha wakashinda 14-5 na 20-7. Risman alikuwa na miaka 35. Mwaka 1952, akiwa na 41, alibeba tena kombe Wembley, mara hii na Workington Town.

Mimi sikukatizwa na vita kama Risman. Nilivua viatu nikiwa na miaka 22 nikatafute karo ya wadogo zangu, nikarudi baada ya miaka sita. Mbio zilikuwa zimepungua, lakini jicho lilikuwa limekomaa. Ndiyo maana kijana akija kuniambia, "Kocha, nimepata kazi, sitakuja tena," simlaumu. Humwambia: nenda mwanangu, jezi yako naiweka.