Nambari iliyokula Jumapili za miaka mitatu

Hebu, msomaji, weka shilingi moja mezani. Iongeze maradufu ziwe mbili, kisha nne, kisha nane, uendelee vivyo hivyo mara 67. (Usihofu, pesa zenyewe ni za kuwaziwa tu.) Mwishowe toa shilingi moja. Utabaki na 147,573,952,589,676,412,927.

Je, nambari hii ni tasa? Kwa wale walioagana na hesabu zamani, nambari tasa ni ile isiyogawanyika sawasawa ila kwa moja na kwa yenyewe, mathalani 7 au 13. Mnamo 1644 mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, aliitia nambari yetu katika orodha ya zilizo tasa. Nani angeketi kuihakikisha kwa mkono?

Ilipofika 1876, Mfaransa mwenzake, Edouard Lucas, alithibitisha kwamba si tasa. Ajabu ni kuwa hakuonyesha inagawanywa na nini! Ni kama kutikisa mkebe uliofungwa: unasikia kwamba ndani mna zaidi ya kitu kimoja, lakini ni vitu gani, hujui.

Mkebe huo ulifunguliwa New York tarehe 31 Oktoba 1903, katika mkutano wa wanahisabati wa Marekani. Profesa Frank Nelson Cole aliuendea ubao bila kusema neno. Upande mmja akapiga hesabu ya ile mara 67, akatoa moja. Upande wa pili akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287, hatua kwa hatua. Majibu yakalingana. Akarudi kitini kimya, na ukumbi ukalipuka kwa makofi. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa baadaye kazi hiyo ilimchukua muda gani, alijibu: Jumapili za miaka mitatu.

Wanafunzi watauliza, mtu huanzia wapi? Ipo kanuni inayopunguza msako. Kwa kuwa tuliongeza maradufu mara 67, na 67 yenyewe ni tasa, kila nambari tasa inayogawanya jibu letu, ukiitoa moja, lazima igawanyike kwa 134, yaani 67 mara mbili. Kwa hiyo unajaribu 135, 269, 403 na kuendelea. Nafuu kubwa, lakini ile ndogo ya Cole ni ya 1,445,580 katika foleni hiyo!

Leo tarakilishi humaliza kazi hiyo kabla hujapepesa jicho. Lakini zidisha nambari mbili tasa zenye mamia ya tarakimu kila moja, zilizochaguliwa kwa uangalifu, na hata tarakilishi zenye nguvu hushindwa kuzitenganisha. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman walitumia ugumu huo kutunga kufuli la siri, na makufuli ya aina hiyo yamelinda barua na fedha nyingi zinazopita kwenye intaneti. Kuzidisha ni rahisi. Kurudi nyuma ndiko kunakomzuia mwizi.

Wenye watoto nyumbani, wapeni 8,388,607, ambayo ni shilingi moja iliyoongezwa maradufu mara 23, kisha ikatolewa moja. Waanze na 47, ambayo ni 46 na moja. Kisha waulizwe kama ile inayobaki, 178,481, ni tasa. Hapo kalamu na karatasi zitahitajika, na pengine Jumapili moja nzima.