Fahamu: Jinsi runinga inavyowachora makahaba

Kipindi huendaje?
Mgeni, yaani kahaba anayehojiwa, huketi gizani, uso umefifishwa na sauti imefanywa nzito. Mtangazaji anauliza bei, idadi ya wateja na lini ataacha. Mteja haulizwi lolote. Aghalabu hata hayupo.

Nani huumia?
Huumia mgeni huyo, tuseme anayetoka Kitale au Bungoma nchini Kenya. Kitale iko njiani kuelekea Lodwar. Bungoma iko kwenye barabara kuu ya Malaba. Madereva wa malori hupita usiku na mchana, lakini wenyeji wanajuana. Kovu mkononi au kitenge kinachofahamika kikionekana runingani, jirani ameshamtambua. Kesho mwenye nyumba anataka ahame, na mtoto anachekwa shuleni.

Sheria inasemaje?
Kanuni ya Adhabu ya Kenya, vifungu vya 153 na 154, inawalenga wanaoishi kwa mapato ya ukahaba na wanaofaidika kwa kuusimamia. Haitaji kuuza ngono kwenyewe kuwa kosa. Makahaba wengi hukamatwa kwa sheria ndogo za miji na kaunti. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha.

Kipindi bora kingeuliza nini?
Nani hukataa kondomu, nani hukwepa kulipa, na kituo cha polisi humpokeaje mwanamke aliyepigwa na mteja.