Mbio wanazo, krosi je? Waiteni mawinga wa zamani

Januari 21, 2024, mjini San-Pedro, Ivory Coast, Taifa Stars ilikuwa imebakiza dakika chache tu kuandika historia. Simon Msuva alishaitanguliza dakika ya 11. Zambia ilikuwa pungufu tangu dakika ya 44, Roderick Kabwe alipolimwa kadi nyekundu. Ushindi wa kwanza kabisa wa Tanzania kwenye fainali za Afcon ulikuwa unanukia. Dakika ya 88 ikapatikana kona. Clatous Chama, huyu huyu tuliyemzoea kwa Mkapa, akaichonga. Patson Daka akapanda juu, kichwa, 1-1.

Ukiirudia video ya bao lile macho yatakwenda kwa mabeki wetu, kisha kwa kipa, kisha kwa Daka. Jaribu safari hii kumwangalia Chama. Zambia walikuwa kumi, wamechoka, wanaelekea kufungwa. Walichohitaji ni mpira mmoja tu uliopigwa na mtu anayejua anaupeleka wapi. Wakawa naye.

Sasa njoo kwenye ligi yetu. Winga anapokea mpira pembeni, anamwacha beki mbili kama amesimama, jukwaa zima linainuka. Anafika karibu na kibendera cha kona, anainamisha kichwa, anapiga. Mpira unamgonga beki wa kwanza kwenye paja. Au unapaa juu ya mtambaa wa panya na kwenda kwa waokota mipira. Straika ananyoosha mikono, jukwaa linakaa chini. Dakika tano baadaye filamu ni ileile.

Halafu msimu ukiisha winga yule anaachwa, tunaambiwa “ana mbio lakini hana faida”. Klabu inakwenda kutafuta mwingine nje, naye akija tunagundua ana mbio.

Mbio hazijawahi kuwa shida ya nchi hii. Waliomwona Edibily Lunyamila miaka ya 1990 akiwa na jezi ya Yanga hawahitaji kusimuliwa winga ni nini. Mrisho Ngassa alikuwa na mbio zilizomfikisha mpaka kwenye majaribio West Ham mwaka 2009. Msuva naye alianzia pembeni. Vipaji vinakuja vyenyewe kutoka mchangani. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na kijana huyu, yeye na mpira na kibendera, na kumwonyesha ile sekunde moja ya mwisho inafanywaje.

KIPA ANA MWALIMU, WINGA HANA

Tazama benchi la ufundi la klabu yoyote kubwa hapa. Kuna kocha mkuu, msaidizi, kocha wa viungo, mtu wa video na kocha wa makipa. Huyu wa makipa karibu kila mara ni kipa wa zamani. Juma Pondamali, aliyekuwa kwenye kikosi cha Stars kilichocheza Afcon ya 1980 kule Nigeria, baadaye alikaa miaka kuwanoa makipa wa Yanga. Hakuna aliyeshangaa. Tunajua kwamba kipa anafundishwa na mtu aliyewahi kuanguka chini mwenyewe, aliyewahi kupigwa na mpira usoni na kuzomewa na jukwaa.

Ajabu ni kwamba hoja hiyohiyo hatuipeleki kwa winga. Kazi yake nayo ni ya peke yake. Krosi si pasi na wala si shuti, ni kitu cha tatu. Lakini mazoezini winga anachanganywa na wenzake, anapewa dakika 15 za kumimina mipira golini mwisho wa programu, na kocha anapiga filimbi watu wakaoge.

Wazungu nao walicheka mwanzoni kuhusu mambo ya namna hii. Mwaka 2018 Liverpool ilipomchukua Mdenmaki Thomas Grønnemark awafundishe wachezaji kurusha mipira, kurusha tu, kwa mikono, alifanyiwa mzaha kwenye televisheni. Mwaka uliofuata Liverpool walibeba Ligi ya Mabingwa Ulaya, na 2020 wakachukua Ligi Kuu England. Sisemi mipira ya kurusha ndiyo iliyoleta makombe. Ninachosema ni kwamba klabu yenye Salah na Mane iliona bado kuna kitu kidogo cha kujifunza.

MZEE WA MGUU NA KIJANA WA MBIO

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Tottenham. Januari 2011 David Beckham alikuwa mchezaji wa LA Galaxy, ligi ya Marekani ikiwa mapumzikoni. Tottenham ya Harry Redknapp ilitaka kumchukua kwa mkopo, ikashindikana. Badala ya kuondoka, Beckham akabaki kufanya mazoezi tu na timu kwa wiki kadhaa. Alikuwa na miaka 35, enzi zake za Manchester United na Real Madrid zilishapita.

Kwenye uwanja uleule wa mazoezi alikuwapo Aaron Lennon, miaka 23, mmoja wa mawinga wenye kasi kuliko wote England. Hawa wawili hawakuwa wageni. Kwenye robo fainali ya Kombe la Dunia 2006 dhidi ya Ureno, Beckham alipoumia, aliyeingia kuchukua nafasi yake alikuwa Lennon. Ni vigumu kupata watu wawili wa upande mmoja wa uwanja wasiofanana kama hawa. Lennon alikuwa na kila kitu ambacho Beckham hakuwa nacho, na kinyume chake pia. Beckham hakuwahi kuwa na mbio. Chenga zake za kumwacha beki amekaa chini unaweza kuzihesabu kwa vidole. Lakini mpe nusu hatua ya nafasi, beki hajapitwa hata kidogo, na mpira ulishafika. Kona mbili za dakika za nyongeza dhidi ya Bayern Munich, Mei 26, 1999 pale Camp Nou, zote alichonga yeye. Ya kwanza ikaishia kwa Sheringham, ya pili kwa Solskjaer. Habari ikaisha hapo.

Februari 15, 2011, Tottenham wakawa San Siro kucheza na AC Milan. Dakika ya 80 Lennon anatimka na mpira, anamwacha Mario Yepes, anafika kwenye boksi. Peter Crouch yuko katikati, mrefu wa zaidi ya mita mbili. Winga wetu wa kawaida pale angefumba macho na kuupaisha, maana kuna mrefu. Lennon aliinua kichwa, akasukuma mpira wa chini, taratibu, mguuni kwa Crouch. 1-0. Marudiano 0-0, Spurs robo fainali.

Je, ni Beckham aliyemfundisha lile? Hakuna anayeweza kuthibitisha, na mimi sitajidai. Lakini kijana wa mbio kukaa wiki kadhaa akimtazama kila asubuhi mtu ambaye maisha yake yote ameishi kwa kuangalia kwanza ndipo apige, hiyo ni shule ambayo hailipiwi ada. Klabu haikumsajili, na bado alikuwa na faida mazoezini.

KITU GANI HASA ATAWAFUNDISHA?

Hapa ndipo wengi hudhani krosi ni kipaji, ama unayo ama huna. Si kweli. Krosi ina vipande, na kila kipande kinarekebishika.

Kipande cha kwanza hakiko kwenye pigo. Kiko kwenye mguso wa kabla yake. Winga akiusukuma mpira mbele moja kwa moja kuelekea mstari, itabidi apige huku mwili wake umeelekea kwenye matangazo. Mpira lazima upae au uende nyuma ya goli. Akiusukuma kidogo ndani, kwa mshazari, nusu hatua kutoka mguuni, anapata mambo mawili kwa pamoja: nafasi ya kuzungusha nyonga na muda wa kuinua macho. Macho yanainuka mpira ukiwa unatembea, kabla mguu haujaufikia. Ukingoja ufike, umechelewa.

Kisha mguu wa kusimamia. Watu wote hutazama mguu unaopiga, winga wa zamani atatazama ule mwingine. Umekaa wapi, vidole vimeelekea wapi? Ukibaki nyuma ya mpira, mwili unalala na mpira unakwenda angani. Angalia picha za Beckham: mguu wa kushoto umepandwa pembeni ya mpira, mwili umeinama upande, mkono wa kushoto uko juu kama mtu anayesimamisha daladala. Anaupiga kwa sehemu ya ndani ya kiatu, chini kidogo ya katikati na kwa pembeni, unazunguka ukimkimbia kipa na kuwafuata washambuliaji.

Halafu kuna kuchagua, na hapa ndipo mbumbumbu na fundi wanapoachana. Kama umefika mstari wa mwisho kabisa, mabeki wote wamekimbilia golini kwao na nyuso zao ziko kwenye nyavu. Mpira wa kurudisha nyuma, chini, kuelekea alama ya penalti, unawakuta wanateleza wenyewe. Kama bado uko mbali, usawa wa kona ya boksi, uchochoro uko kati ya kipa na mabeki: kipa hajui atoke au abaki, beki akigusa anaweza kujifunga. Mpira wa juu wa nguzo ya mbali ni wa straika anayejua kuruka, na lazima umwone kwanza yuko huko. Winga anayepiga krosi moja ileile kila siku amerahisisha kazi ya beki.

Jambo la mwisho makocha wengi hulisahau: pumzi. Mazoezini kijana anapiga krosi akiwa amesimama, mpira umetulia, anapiga 20 nzuri, anasifiwa. Jumamosi anatakiwa kupiga ileile dakika ya 75 baada ya kukimbia mita 50 na beki mgongoni. Miguu hiyo si ile ya Jumanne. Anayeijua hali hiyo atamkimbiza kwanza, ndipo amwambie apige. Na atampeleka kwenye mpira unaodunda, maana si kila mechi ni ya kwa Mkapa. Kuna viwanja mpira unaruka mpaka gotini unapojiandaa kuupiga, na kuna nyasi bandia kama za Kaitaba ambako unateleza na kukupita. Mtu aliyecheza ligi hii anajua tofauti hiyo miguuni mwake, kocha wa kutoka Ulaya ataijua Novemba.

IDADI SI DAWA

Kuna watakaosema krosi zimepitwa na wakati, na wana silaha nzuri mkononi. Februari 9, 2014, Manchester United ya David Moyes ilimimina krosi zaidi ya 80 dhidi ya Fulham iliyokuwa inashika mkia. Matokeo yalikuwa 2-2, kwa bao la Darren Bent dakika za nyongeza. Mabeki wa Fulham walifanya mazoezi ya vichwa jioni nzima.

Lakini mechi ile inathibitisha ninachosema mimi. Themanini zilikuwa nyingi, zilikuwa za kubahatisha, na kila beki alijua zinakuja. Msimu wa 2018/19 Trent Alexander-Arnold alitoa pasi 12 za mabao na Andy Robertson 11 kwenye Ligi Kuu England, wote mabeki wa pembeni, sehemu kubwa ya hatari yao ikitoka kwenye krosi. Hapa kwetu mashabiki wa Simba wanajua Shomari Kapombe na Mohamed Hussein ‘Tshabalala’ wamefanya nini kwa miaka upande huu na ule. Kwa hiyo darasa hili lisiwe la namba saba na kumi na moja peke yao. Beki mbili na beki tatu waingie. Na straika naye aingie, kwa sababu krosi ni ya watu wawili. Anayekimbia mapema anaufanya mpira mzuri uonekane mbovu, na lawama inakwenda kwa aliyepiga.

Tahadhari moja. Si kila aliyecheza vizuri anajua kufundisha. Wapo waliokuwa mafundi na hawawezi kueleza walifanyaje, wanaishia kusimulia enzi zao huku vijana wanapoa miili. Huyo mwacheni studio za redio, anafanya kazi nzuri huko. Anayetakiwa ni mwenye jicho na subira, na ikiwezekana aanze kozi za makocha za TFF kama hajaanza. Hakai benchi siku ya mechi, hapangi kikosi, haingilii kazi ya kocha mkuu. Hilo lisemwe mapema na kwenye karatasi, tunazijua klabu zetu.

Gharama yake? Siku mbili kwa wiki, dakika 40 baada ya wenzao kumaliza. Mipira 20, sanamu nne za mabeki, vijana wawili wa kuokota, kipa wa timu B anayetaka kuzoea mipira ya juu. Ukiangalia fedha zinazotumika kila dirisha la usajili kwa winga mpya mwenye mbio, posho ya mkongwe huyu ni nauli. Wengi wao wako Dar hapahapa, wanacheza mechi za maveterani wikiendi, na krosi zao, pamoja na vitambi, bado zinafika.